Kijiko cha Saa Kumi

Kutoka bandari ya Kalundu mpaka Kavimvira, mpakani na Burundi, uliza mtu yeyote ni nani alianza na mgongo mtupu akafika kwenye depo mbili na pikapu yake mwenyewe. Utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Sijisifu, nasema kilichopo. Shule niliiacha mwaka wa nne wa msingi, na leo wenye diploma wanakuja deponi kwangu kuomba kazi ya kuandika bei ubaoni. Kwa hiyo haya ninayaandika mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie, na atakayeona herufi imekaa vibaya ajue ni yangu.

Ninataka kusema habari za mtu mmoja wa Bwegera, mkulima wa mpunga, rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye uso wake sikuwahi kuujua.

Tulijuana kwenye simu. Wakati ule njia ya uwanda wa Ruzizi ilikuwa na kizuizi kila penye daraja, na kila kizuizi kilikuwa na bunduki yake. Biashara haikusimama, iliingia kwenye simu. Tulikuwa na grupu yetu: mtu wa ziwani anatangaza ndagala, yaani dagaa, mtu wa uwandani anatangaza mchele, madereva wenye roho ngumu wanapitisha mizigo, na sisi wenye mali tunabaki kila mtu kwake. Watu walikuwa wengi humo ndani. Wengine wakakimbia vita, wengine wakanyang'anywa simu, wengine wakatoka kwa hasira ya siasa. Mwisho tukabaki wanne, na habari za bei tukawa tunazigusa kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi.

Hatukuitana kwa majina ya ubatizo. Tuliitana kwa mizigo. Kulikuwa na Mama Ndagala, mjane aliyezaliwa hapa Uvira, ambaye vita vya kwanza vilimvusha mpaka Bujumbura na mtoto mgongoni, akabaki kulekule akiuza ndagala kavu. Kulikuwa na Maziwa, mfugaji wa milima ya juu, mtu wa kanisa, asiyegusa sigara wala kahawa. Kulikuwa na Mchele, ndiye huyu wa Bwegera. Na mimi nilijiandika Tajiri. Waliniita hivyo wakicheka, lakini waliniita.

Picha za uso hatukuweka. Mchele aliweka shamba lake limechanua. Maziwa aliweka ng'ombe mwenye pembe ndefu. Mimi niliweka pikapu. Nani anahitaji sura yangu? Pikapu inajieleza.

Mambo ya kijiko alianzisha Mama Ndagala. Kila bunduki ilipolia upande wetu alikuwa hapati usingizi kule ng'ambo, na kuandika kulimshinda, hata mimi sikupenda kuandika. Akasema: "Sikilizeni. Kila siku saa kumi, wakati wa kahawa, kila mutu apige kijiko ku kikombe chake mara tatu, atume odio. Haikule mega ya simu, haiombe masomo. Nikisikia kijiko, nitajua muko wazima." Basi ikawa desturi. Saa kumi jua likianza kuinama kwenye milima, mimi nilikuwa kwenye kiti changu mbele ya depo, kahawa nyeusi mkononi, sigara kwenye vidole, na wateja walijua kwamba kwa muda ule hata waziri angesubiri. Ting, ting, ting. Halafu vinaingia vijiko vya wenzangu, na baada ya vijiko, mazungumzo mpaka kikombe kinapoa.

Kijiko cha Mchele kilikuwa na mkia. Kililia mara tatu, halafu kikohozi. Kikohozi kile kilianza chini kabisa, kama mtu anavuta gunia sakafuni, kikapanda, kikakatika, ukadhani kimeisha, kumbe kimerudi kuchukua kilichosahaulika. Tulikizoea. Kama odio ingefika bila jina, mimi ningesema: huyu Mchele.

"Weye Mchele," Mama Ndagala alimwambia mara nyingi, "hiyo ni kifua ao ni mashini ya kusaga?"

"Ni mashini, mama. Lakini inasagaka tumbaku tu."

Siku moja alituma kijiko na maneno nyuma yake. Sauti haikuwa ya mchezo.

"Ndugu zangu, dokta wa huku amenikataza. Sigara niache, na kahawa niache, vyote. Anasema kifua imechoka na moyo umechoka. Kufa siogopi, kila mutu atakufaka. Lakini binti yangu wa mwisho wamekuja kumuposa. Na kwetu, siku ya kutoa mutoto, baba mwenye iko muzima hawamusemee. Anasimama mbele ya wakwe, anaita babu zake mumoja mumoja, anaonyesha huyu mutoto ametoka ku watu gani. Jana nilijaribu hapa nyumbani. Babu wa pili sikumufikia. Kikohozi kikanikata." Akakohoa. "Nitasimama pale nikilia kama mbuzi mbele ya wakwe? Afazali wanizike kwanza."

Hakuna aliyecheka. Mimi nikashika simu.

"Bwana, hiyo ni kazi kidogo sana," nikamwambia. "Minye navuta mara mbili ya weye, na kahawa yangu kijiko kinasimama ndani. Nitaacha pamoja na weye. Minye nikiweza, weye utashindwa?"

"Weye Tajiri hata kulala unatushinda," akasema. "Sawa. Tuache."

Mama Ndagala hakuwahi kuvuta, lakini kahawa ilikuwa imemwingia mwilini kama ugonjwa wa kukosa usingizi alioupata vitani. Naye akaapa. Maziwa, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kuacha, tukamfanya mwamuzi. Akatoa sheria moja: "Vijiko viendelee, ndani ya kikombe mutie kile munachotaka. Lakini mwenye ameshindwa, siku ile asipige kijiko. Asitudanganye. Anyamaze tu, siye tutajua."

Tukakubali wote. Hapo ndipo ninaporudi kila ninapokumbuka. Kijiko kilichokuwa kinasema niko mzima, tukakigeuza kiseme sijavuta. Bunduki zilikuwa zimenyamaza miezi kadhaa, njia ilikuwa imepumua, tukasahau tulikianzisha kwa sababu gani.

Siku za kwanza zilikuwa za taabu. Nimebeba magunia ya chumvi na njaa tumboni, nimelala chini ya turubai mvua ikininyeshea, lakini kichwa cha kukosa kahawa kilinipiga kuliko vyote. Nilimfokea mke wangu kwa sababu jogoo amewika. Mke wangu akaniambia afadhali nivute pakiti nzima nirudi kuwa mtu. Mikono haikujua ikae wapi. Nilitafuna karanga, nilitafuna muwa, nilitafuna mpaka taya likauma.

Mchele alitufundisha kukaanga soya mpaka iwe nyeusi, kuitwanga, kuichemsha. Nikajaribu, nikatuma odio nikiwa bado nina ladha yake mdomoni.

"Mchele, hii ni kahawa ao ni maji ya kuosha masufuria?"

"Kunywa, Tajiri. Rangi ya kahawa iko, moshi ya kahawa iko, unataka nini tena?"

"Nataka kahawa!"

"Minye nilifunga macho nikakunywa," akasema Mama Ndagala. "Nikafungua. Ilikuwa bado soya."

Maziwa alicheka huko juu kwake mpaka tukasikia ng'ombe wakishtuka. "Mukuje ku maziwa, maskini ya Mungu. Maziwa haiumizaka kichwa."

Tumbaku yake yote Mchele aliimwaga kwenye maji ya shamba la mpunga. Maziwa akamwambia kwamba mwaka ule vyura wa Bwegera watakohoa. Sigara moja tu aliibakiza, bila kuiwasha, akawa anaiweka sikioni anapopalilia, kama mtu anayemfunga mbwa mlangoni ili amzoee.

Na mimi nilianguka mara moja, sikatai. Dereva mmoja aliniletea habari mbaya ya mzigo uliopotea kizuizini, nikajikuta moshi unanitoka puani kabla sijafikiri. Saa kumi sikupiga kijiko. Walinila mzima!

"Tajiri iko kimya," akaanza Mama Ndagala. "Moshi umemuziba kinywa."

"Muache," akasema Mchele, "iko anahesabu depo zake. Akimaliza ataanza kuhesabu sigara."

Siku iliyofuata nikarudi na kijiko changu, nikawaambia simu ilianguka majini. Hakuna aliyeniamini, na tangu siku ile sikuvuta tena. Ninasema hivi ili mtu aelewe: kunyamaza kwetu kulikuwa na maana moja, na maana ile ilikuwa ya kuchekesha.

Kikohozi cha Mchele kilianza kupungua. Kwanza mkia ukawa mfupi. Halafu ukawa kama mtu anayesafisha koo tu. Na siku moja, mpunga ukichanua uwandani, odio yake iliingia saa kumi: ting, ting, ting. Halafu kimya. Nikaweka simu sikioni. Nilisikia ndege wa shambani, nilisikia mtu mbali akifukuza ndege wale, nilisikia pumzi yake. Ndipo akasema polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha kitu:

"Mumesikia? Hakuna kitu."

Mama Ndagala alipiga vigelegele mpaka majirani zake wakaja kuuliza nani amezaa. Na Mchele, bila kuombwa, akawaita babu zake. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, akateremka nao mmoja baada ya mwingine, huyu alichimba mfereji, huyu alipigana na chui, huyu alioa mke mkali, mpaka akafika kwa binti yake, na sauti haikukatika hata mara moja. Wateja walinisubiri deponi. Niliwaacha wasubiri. Mimi sijui kuwaita babu zangu, mimi nimejizaa mwenyewe, lakini siku ile nilitamani kuwa nao.

"Harusi ni kisha mavuno," akasema. "Tajiri, utakuja?"

"Kuja? Bibi arusi atapanda pikapu yangu! Nimeipaka rangi mupya, mutu anaweza kujinyolea ndevu ku mulango yake. Watu wa Bwegera hawajaona kintu kama ile."

"Muzuri. Tutaonana sura."

"Lakini utanijuaje, na watu watajaa?"

Akacheka, kicheko kizima kisicho na kikohozi ndani. "Weye? Nitakusikia kwanza, mbele ya kukuona. Fasi yoyote penye mutu iko anajisifu, nitasema: yule njo yeye, Tajiri wangu."

Mavuno yalifika. Vita pia vikafika.

Havikuanza kwa mlio. Vilianza kwa maneno ya sokoni. Watu wakaanza kuuliza nani anaongea na nani. Mmoja wa wateja wangu wakubwa akaniambia nimwondoe yule wa milimani kwenye grupu yangu, kwamba watu wake si wa kuaminiwa. Nikamwambia grupu ni yangu, simu ni yangu, na rafiki zangu sichaguliwi na mtu anayenunua sabuni kwa mkopo. Maziwa sikumwambia. Nadhani alijua, kwa sababu siku zile kijiko chake kilikuwa kinalia polepole.

Kisha siku moja saa kumi kikalia kijiko changu, cha Mama Ndagala, na cha Maziwa. Cha Mchele hakikulia.

"Aa! Amerudia!" akasema Mama Ndagala. "Harusi imekaribia, baba wa bibi arusi amepata baridi ya tumbo."

"Ile ya sikioni njo imemushinda," akasema Maziwa. "Nilimwambia aitupe."

Mimi nilituma odio ndefu. Nikamwambia mimi nilianza kuvuta kabla sijaota ndevu, nimelala na sigara, nimeamka na sigara, na nimeacha kama mtu anayevua kiatu. Yeye, mtu anayeshinda mafuriko ya Ruzizi kwa jembe, ameshindwa na karatasi iliyofungwa majani? Tulicheka sana. Alama ya simu ilionyesha kwamba odio haijamfikia. Hakuna aliyeangalia alama.

Kesho yake saa kumi, tena kimya. Tulikuwa tumeanza kumtania Maziwa akatukata.

"Nyamazeni kidogo. Kutoka hapa niko naona uwanda wote. Kuna moshi upande wa Bwegera. Si moshi ya sigara."

Nilikaa na kile kikombe cha soya mpaka kikaota ngozi juu.

Maandishi yake yaliingia siku iliyofuata, ya mkato, bila odio. Nakumbuka kila neno: "Tuko njiani kwa miguu. Mama watoto, binti, mimi. Tunashuka Kavimvira. Tajiri unitafute pale. Moto ya simu inaisha." Nikampigia. Simu ilikuwa imezimwa.

Uvira wakati ule ilikuwa imefunga milango. Wenye bunduki walikuwa wanarudi nyuma kutoka uwandani, na kila walipopita walichukua magari, simu, viatu. Aliyeonekana ana kitu walimfuata mpaka kitandani kwake. Pikapu yangu nilikuwa nimeitoa magurudumu, nikaifunika magunia nyuma ya depo kama takataka. Nilipomwambia mke wangu ninakwenda Kavimvira, alisimama mlangoni.

"Ukienda kama bosi hautarudi," akasema.

Akanitolea shati langu la bandarini, la bluu, lililopasuka mabegani ambapo magunia yalilila. Alikuwa amelihifadhi miaka yote ile bila kuniambia. Nikalivaa, nikavaa sandali za mpira, nikajipaka vumbi kichwani. Kwenye kioo nilimwona yule kijana mbeba mizigo, amezeeka tu. Nikatoka kwa miguu, kichwa chini.

Kavimvira sijawahi kuiona vile, na mimi Kavimvira ni kama chumba changu. Barabara yote mpaka kwenye kizuizi cha mpaka ilikuwa watu. Magodoro kichwani, mbuzi, cherehani, mama amebeba mlango wa nyumba yake. Vibanda vya wabadilisha pesa vilikuwa vimefungwa, na watu wamekaa chini ya kuta zake. Mpaka ulikuwa haujafunguliwa. Walipika palepale chini, moshi wa kuni mbichi umelala juu ya vichwa.

Na mimi nikaanza kutafuta mtu ambaye sijui sura yake. Jina lake la kweli nililijua, lakini siku zile mtu hataji kwa sauti jina la mwenzake barabarani. Jina linasema kabila, na kabila lilikuwa linaleta maswali. Nikatafuta kwa kitu nilichokijua miaka yote. Nikatega sikio.

Kavimvira nzima ilikuwa inakohoa. Vumbi, moshi, baridi ya kulala nje. Kila penye kikohozi kizito cha mwanaume nilisimama, nikasikiliza kama kinaanza chini, kama kinakatika na kurudi. Kikifanana, nilikwenda, nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, sauti ya kuomba:

"Papa, unisamehe. Weye ni mutu wa mchele wa Bwegera?"

"Apana, mutoto wangu. Minye ni wa Luvungi. Unamutafuta nani?"

"Rafiki."

"Pole. Jaribu pale mbele."

Nilijaribu pale mbele. Nilijaribu mpaka kwenye kizuizi, nikarudi upande wa pili wa barabara. Niliinamia wazee ambao sasa ninaweza kuwataja kwa vikohozi vyao kuliko kwa nyuso. Mara mbili nilikutana na wanajeshi, nikatazama vidole vyangu vya miguu, wakanipita kama mbwa wa njiani. Shati lilikuwa limefanya kazi yake. Jua likaingia nyuma ya milima, nikarudi nyumbani.

Kesho yake nikarudi na shati lilelile. Mpaka ulikuwa umefunguliwa alfajiri, watu wakaingia kwa pamoja kama maji ya mfereji. Nilikuta majivu, na sandali za watoto, na vipande vya magodoro. Hapakuwa na mtu wa kukohoa.

Muda mrefu Uvira ilikaa bila rezo ya simu. Yaliyotokea hapa siku zile sitayaandika, wengine watayaandika vizuri kuliko mimi. Kila saa kumi niligonga kikombe changu mara tatu mbele ya simu iliyokufa.

Rezo iliporudi, odio zilinyesha. Maziwa alikuwa hai, ng'ombe wengi hapana. Na Mama Ndagala alikuwa ametuma moja ndefu, nikaingia nayo ndani ya depo nikafunga mlango.

Alisema alisikia watu wa uwandani wamewekwa kambini upande wa Burundi. Akabeba beseni la ndagala, akabeba kikombe na kijiko, akapanda gari. Kambi ilikuwa kubwa, maturubai mpaka macho yanachoka. Kuuliza kwa jina aliogopa, kama nilivyoogopa mimi. Akasubiri saa kumi. Saa kumi ilipofika akapita kati ya maturubai akigonga kikombe. Ting, ting, ting. Anatembea, anagonga. Watu wakadhani anauza kitu. Halafu mwanamke mmoja akatoka kwenye turubai, mkono mdomoni.

"Iko hapa na minye," akasema Mama Ndagala. "Sema, dada. Anakusikia."

Sauti ya mke wa Mchele ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyekwisha kulia.

"Jambo yenu. Bwana yangu hayuko. Maji ya hapa ilimuuwa, ile magonjwa ya tumbo. Hakukaa siku nyingi. Kifua chake kilikuwa kizuri mpaka mwisho, dokta wa hapa alisikiliza, akasema huyu mzee iko na kifua ya kijana. Njiani watu walimupa sigara juu ya baridi. Akakataa. Alisema wenzangu watajua."

Nikasikia kambi nyuma yake.

"Mwambieni Tajiri hatukumuona. Tulikaa Kavimvira mchana na usiku muzima, karibu na kibanda ya kubadilisha pesa, bwana yangu amekalia turubai. Hakulala. Nilimwambia lala. Akasema hapana, Tajiri anakuja, utamusikia mbele ya kumuona, yule mutu hawezi kunyamaza. Kila mwenye alipaza sauti, bwana yangu alisimama kumuangalia. Lakini pale hakuna mwenye alijisifu. Kulikuwa tu wale wa kulia, na mumoja alinisikitisha, mwenye shati ya bluu, imepasuka mabegani. Iko anapita anainamia wazee wenye kukohoa, anawaangalia. Alipita karibu yetu, akainamia muzee wa pembeni. Bwana yangu alimuangalia muda murefu. Akasema: maskini, anatafuta baba yake. Akataka kumupa muhogo yetu, lakini mutu ule alikuwa amekwisha kupita."

Odio iliishia hapo. Mama Ndagala hakujua ninavyovaa. Maziwa hakujua. Mpaka leo hakuna anayelijua shati lile isipokuwa mke wangu, na wewe unayesoma.

Mimi, ambaye maneno hayajawahi kunikosa, nilichukua kikombe, nikagonga mara tatu, nikatuma hivyo. Baada ya muda kikaja kijiko cha Maziwa. Baada ya muda kikaja cha Mama Ndagala, na baada yake kingine kwenye odio ileile, kidogo, cha mtu asiyejua kugonga. Kilikuwa cha binti yake Mchele.

Ninayo bado ile odio ya siku mpunga ulipochanua. Simu nimebadilisha, odio nimeihamisha. Ninajua urefu wa kimya chake, ndege wake, yule anayefukuza ndege. Nilikuwa na ile habari sikioni, nilishangilia na wenzangu, na siku nilipoihitaji miguu yangu ilinipeleka kwenye vikohozi. Hofu ilinirudisha kwa Mchele wa zamani, wa kikohozi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kumwacha shambani pamoja na tumbaku yake.

Binti aliolewa kulekule kambini. Mama Ndagala alinieleza kwamba mzee mmoja wa kambi alijaribu kusema kwa niaba ya baba, akataja babu watatu, akaishia hapo. Watu walipiga makofi kwa heshima.

Mjini wananisifu kwamba nimeacha sigara, nimeacha kahawa, Tajiri ni chuma. Ninawaambia ndiyo, ni chuma. Pikapu imerudishiwa magurudumu. Na kila ninapokuwa na kazi ya mpakani siwatumi vijana, ninakwenda mwenyewe, ninasimama kwenye ukuta wa vibanda vya wabadilisha pesa, ninaeleza kwa nguvu jinsi nilivyoanza na mgongo mtupu, depo ya kwanza, depo ya pili, rangi ya pikapu ambayo mtu anaweza kujinyolea ndevu humo. Wapita njia wanageuka. Ninawatazama wanaogeuka, mmoja mmoja.

"Tajiri," mbadilisha pesa mmoja aliniambia juzi, ameshika masikio yake, "punguza kidogo, papa. Sauti yako inafika mpaka Bujumbura."

"Ifike," nikamwambia, nikaanza tena tangu mwanzo.